Holga, Diana au Ektar H35 kwa gwaride la mji mdogo?

kidole_cha_shata: Wakuu habari zenu. Nataka nikapige picha za mtaani kwenye gwaride la mji mdogo, kwa kamera ya plastiki ya filamu, dijitali sitaki. Niko njia panda: Holga 120N, Diana F+ au Kodak Ektar H35? Nataka kuagiza leo.

MzeeWaRoli: Mleta mada hujasema ni mchana au jioni, filamu ya asa ngapi (yaani wepesi wake wa kunasa mwanga), wala nani atakusafishia picha. Shata, kile kipazia kinachoingiza mwanga, kwa Holga na H35 inafunguka karibu 1/100 ya sekunde, Diana 1/60 hivi. Mchana asa 400 inatosha, jua likizama bila flashi huna kitu.

binti_negativu: Holga, usizunguke. Ina alama nne za fokasi, weka kwenye watu watatu, yaani mita 2 hivi, msubiri mpiga ngoma afike hapo ndo ubonyeze. Mpiga picha za habari David Burnett alimpiga picha Al Gore, mgombea urais wa Marekani, kwa Holga kwenye kampeni za 2000, na hakukosa kamera za maana.

Pembeni_Tu: Roli ya 120, ile filamu pana ya Holga na Diana, inakupa picha 12 za mraba halafu unahangaika kubadilisha roli bendi ndo inapita! H35 inagawa fremu nusu, roli ya 36 inatoa 72, na flashi inayo.

binti_negativu: 72 za nini? Ukiwa na 12 unamwangalia mtu kwanza.

tepu_nyeusi: Hapo mnabishana idadi, mimi nawaambia mgongo wa kamera, yaani kifuniko cha nyuma. Nilikuwa na moja ya plastiki ya 120, kampuni siitaji, mkanda wa begani umeshikizwa kwenye vibanio viwili vya chuma na vibanio hivyohivyo ndo vinashika mgongo. Skauti wanakuja, naivuta haraka kutoka begani, kibanio kikapanda, mgongo ukadondoka, filamu ikaangalia jua. Nikafunga nikaendelea maana roli nyingine sikuwa nayo, kuja kusafisha fremu iliyokuwa wazi na jirani zake zimeungua zote, na humohumo alikuwemo mama kambeba mtoto mabegani wanapunga vibendera, picha niliyoitaka kuliko zote. Iliniuma sana. Sasa nabana tepu pande zote mbili, na kidirisha chekundu cha kusomea namba ya picha nakiziba, nafunua nikizungusha filamu tu.

kidole_cha_shata: Pole sana mkuu. Ni mchana. Filamu bado, naona za slaidi, zile picha inatokea na rangi zake halisi kwenye filamu yenyewe, zina rangi nzuri.

MzeeWaRoli: Slaidi acha kabisa, inataka mwanga sahihi na hizi kamera hazikupi. Chukua negativu, ile ya kawaida ambayo rangi hutokea kinyume kwenye filamu, inavumilia mwanga ukizidi.

Sauti_ya_Mraba: Mbona Diana mmeisahau? Diana F+ unachagua jua, mawingu kidogo au mawingu mazito, Holga swichi ya jua haibadilishi sana. Na miguu ya wanaotembea ikififia kidogo gwaride linaonekana linatembea.

Pembeni_Tu: Kufifia ni kufifia tu.

mama_lenzi: Jamani na watoto je? Mimi mtoto simpigi kabla sijamwangalia mzazi usoni akaitikia.

binti_negativu: Ukiomba ruhusa sura inabadilika, dada.

mama_lenzi: Ibadilike. Huyo ni mtoto wa mtu.

kidole_cha_shata: Nimewaelewa wote ila Holga na H35 bado zinanivuta. @tepu_nyeusi, tepu ya mafundi umeme inafaa?

tepu_nyeusi: Inaacha gundi kwenye joto, tafuta ya kitambaa.