Maua mekundu kwenye mpunga, naomba dawa ya kupuliza kabla ya Novemba

Mkulima_Mpole: Wakuu, habari za jioni. Nina ekari moja ya mpunga wa mlimani. Mwaka juzi nilivuna gunia 12, mwaka huu 4. Mpunga ulidumaa, majani yakawa ya njano kama una kiu, na mvua ilinyesha vizuri. Katikati yake viliota vimaua vyekundu, picha ya Aprili hiyo hapo. Nitajieni dawa. Shamba liwe safi kabla ya Novemba. Usingizi sipati.

Bibi_Jembe: Kiduha hicho, mwanangu. Pole sana. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukiking'oa alfajiri. Chimbua kimoja taratibu, utaona shina la chini jeupe, limeng'ang'ania mzizi wa mpunga kama mtoto kwenye ziwa. Vijana mnataka dawa tu, kuinama hamtaki.

Bwana_Shamba_Mstaafu: Ukikiona juu, kimeshanyonya chini wiki kadhaa. Mbegu zake ni vumbi, hulala udongoni hata zaidi ya miaka 10 zikisubiri harufu ya mzizi wa mpunga, mahindi au mtama. Uliving'oa kabla havijakomaa?

Mkulima_Mpole: Hapana. Binti yangu alivipenda, nikaviacha.

Mtoa_Zaka: Fungu la kumi unatoa? Mahindi yangu yalikauka hivihivi, nikatengeneza na Mungu, mwaka uliofuata nikajenga.

Ngosha_Kwimba: Wakuu, hii chai. Nimekua na kiduha mlangoni, maua yake ni zambarau na kinafika magotini. Hicho chekundu kaokota mtandaoni.

Mama_Wawili: Hata mimi nimestuka. Kwanza wilaya hajataja.

Bwana_Shamba_Mstaafu: Ngosha, viko vya aina zaidi ya moja. Cha zambarau ndicho chenu Kanda ya Ziwa. Chekundu ni kifupi, na Kyela kinasumbua sana mpunga wa mlimani.

Mkulima_Mpole: Ni Kyela. Sikutaja kwa sababu tunajuana.

Mama_Wawili: Mnajuana na nani humu? Na hiyo Novemba ina nini?

Mkulima_Mpole: Basi niseme. Novemba ndiyo kupanda. Nusu ekari nimeshamkodisha kijana wa jirani, nimepokea laki na nusu, ikaenda kwenye ada. Kiduha sikumwambia. Naye hakuuliza, na bei nilimpunguzia. Nusu iliyobaki napanda Supa, mbegu ninayo.

Ngosha_Kwimba: Samahani kwa lile la chai. Ila hapo umemuuzia mwenzio njaa.

Bibi_Jembe: Na jembe mtaazimana. Udongo unaoganda kwenye jembe unabeba mbegu mpaka shamba la tatu.

Bwana_Shamba_Mstaafu: Mwambie apande soya au karanga. Mizizi yake huamsha mbegu nyingi za kiduha, zikichipua hazipati cha kunyonya, zinakufa. Wewe weka samadi, kiduha hustawi kwenye ardhi iliyochoka. Kikichomoza, ng'oa kabla ya maua na uchome moto. Ukiona lazima upande mpunga, tafuta mbegu ya mpunga ya NERICA-10, inakistahimili kuliko Supa.

Mkulima_Mpole: Hiyo NERICA-10 hainukii kama Supa, mzee. Wateja wangu wanataka Supa.

Mama_Wawili: Kijana umempigia?

Mkulima_Mpole: Nimempigia sasa hivi. Yuko shambani, anasafisha, ameanza na upande ule wa maua. Amesema nimsubiri jioni tuongee. Laki na nusu sina, labda nimpe mbegu ya karanga. Ila Supa iko ndani kilo 20, mzee. Nisiipande kweli?