Eti "haina hatari tena"! Huyu mtaalamu atatumaliza

Wakuu, nimefura. Yule bingwa wa masilaidi, mnamjua wote, kasema tena mbele za watu: "Kampuni ikishanunua bima mtawanyo, haina hatari tena." Yaani ile bima ambayo kampuni ya bima yenyewe inanunua kwa kampuni nyingine. Haina hatari tena! Na ukumbi ukapiga makofi. Makofi!

Ukutani nyuma yake kaweka mfano mwenyewe: mtawanyo wa milioni 40 juu ya milioni 10. Hasara ikija 60, kumi za kwanza zako, arobaini za kampuni ya mtawanyo, kumi za juu zinakurudia. Ishirini mgongoni kwako, na tabaka, yaani hizo arobaini, likishaliwa unalipa ada nyingine ili lirudishwe. Mtu huyu nyumba ikiungua ataulizia bima, akisikia ipo atavuta kiti aote moto.

Na kampuni ya mtawanyo ikifilisika? Mteja anakudai wewe, huko kwingine hana mkataba nako. HAINA HATARI TENA!

Kikokotoo: Povu lote hilo, mkuu? Ila uko sahihi. Kampuni za soko la bima la London miaka ya 1980 walikuwa wakitawanyiana wao kwa wao. Mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulipolipuka 1988, dai lilelile lilizunguka sokoni hadi likawarudia waliodhani wamelisukuma kwa jirani.

Bi Akiba: Mleta mada umeng'ang'ania mtawanyo kana kwamba ndio pekee unaoua. Akiba ya madai je, pesa unazotenga kulipia madai ambayo hayajafungwa? HIH, kampuni ya bima ya Australia, ilianguka 2001, na kutenga pungufu kulichangia sana. Madai ya dhima, yale ya watu waliodhuriwa na mteja wako, huchukua miaka kufungwa. Ukitenga kwa bei za leo, faida inapendeza, gawio linatoka, halafu gharama za matibabu na mawakili zinapanda, huna cha kulipia.

Riba Juu: Equitable Life, kampuni ya bima ya maisha ya Uingereza, iliahidi viwango vya pensheni riba zikiwa juu. Riba zikashuka, ahadi zikabaki. Ikajaribu kukata bonasi, mahakama ikakataa, Desemba 2000 ikafunga mlango kwa wateja wapya. Hakuna moto wala kimbunga hapo.

Mleta mada: Sawa, lakini mmesikia alichosema? HAINA HATARI TENA!

Dawati la Fedha: Tumesikia, kunywa maji. Kero yangu ni madalali wanaokalia ada. Vitabuni una mapato, benki hakuna kitu, na tarehe ya kuilipa kampuni ya mtawanyo haisogei.

Kikokotoo: Bora dalali. Kuna wanaoleta jedwali la majengo ya kukatiwa bima, safu ya anwani wameandika jina la mji tu. Modeli ya kompyuta ya kukadiria hasara za mafuriko inayarundika yote katikati ya mji, kumbe nusu yapo kando ya mto!

Bi Akiba: Hapo umenigusa. Hata anwani ikiwepo, thamani ya jengo ni ya miaka mitano nyuma. Ada inatozwa kwa bei ya zamani, fidia inadaiwa kwa bei ya leo. Nani anapitisha haya majedwali?