Waliotangamana na mgonjwa wanaficha majina na homa: mnawahojije?

Mratibu_Kata
Wakuu, habari za humu. Tunaandaa mafunzo ya siku mbili kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kata iko Kagera jirani na mpaka. Magonjwa tunayoyalenga ni Marburg na Ebola. Mwongozo tunao, fomu tunazo, vipimajoto vipo. Kinachotuumiza kichwa ni ukweli wa majibu. Mgonjwa anataja watu 3 na nyumba ina watu 8. Aliye kwenye uangalizi wa siku 21 (muda ambao dalili zinaweza kujitokeza) anasema hajatoka, kumbe kashinda gulioni. Mwingine ana homa na anakuapia mzima. Wenye uzoefu mnauliza vipi, mnahakiki vipi, na je, kutishia watu kwa sheria kunasaidia?

mpita_kaya
Kosa kubwa liko kwenye swali lenyewe. Ukimuuliza mtu "uligusana na nani?" umeshamwomba ataje wa kuchongewa. Anza na siku aliyoanza kujisikia vibaya, kisha tembea naye siku baada ya siku hadi leo. Tumia vitu anavyovikumbuka: siku ya gulio, ibada, msiba, mechi. Uliza kazi, usiulize kugusana. Nani alipika uji? Nani alifua shuka? Alilala kitanda kimoja na nani? Bodaboda gani ilimpeleka zahanati? Kabla ya zahanati alipita duka la dawa, au kwa mganga wa tiba asili? Huyo mganga ndiye anayesahaulika kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyemchanja chale.

Hoji mtu peke yake. Mchepuko hatajwi mbele ya mke, hilo halihitaji semina. Kwenye sehemu ya uhusiano andika "walikutana" basi, na umwambie mgonjwa kabisa kwamba ndivyo utakavyoandika. Mpe nafasi ampigie huyo mtu mwenyewe kabla hujafika.

Rudi kesho yake umhoji tena, maana siku ya kwanza ana homa na hofu. Orodha uipime kwa akili: mgonjwa kaugua siku 6, kapita zahanati mbili, analala nyumba ya watu 7, halafu unaletewa majina 4? Hiyo si orodha, rudi. Ila kumbukeni kwamba Marburg na Ebola haziambukizi kabla ya dalili, kwa hiyo mnaanzia siku dalili zilipoanza. Kwa UVIKO-19 tulikuwa tunarudi nyuma siku 2 zaidi.

Dkt_Zamu
Naongezea upande wa homa. Njia rahisi ya kuificha ni Panadol. Inashusha joto kwa saa 4 hadi 6, na kama mnapita kila siku saa 2 asubuhi, mtu anameza saa 1 na nusu mnamkuta na 36.8. Dawa yake ni hii:

Badilisheni saa za kupita. Uliza dawa KABLA ya kupima, kwa sauti ya kawaida: "Tangu jana jioni umemeza nini, hata cha kichwa?" Akikubali, usimkaripie hata kidogo. Andika jina la dawa na saa, halafu rudi ile nguvu ya dawa ikishaisha. Msimkataze paracetamol moja kwa moja. Mwambieni akihisi kuumwa apige simu kwanza. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ndizo za kukataza, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu.

Msitegemee namba peke yake. Mtu mwenye 37.4 aliyeacha kula tangu jana, analalamika mwili kuchoka na ana kwikwi isiyokatika, huyo ripoti hapo hapo msisubiri 38.

Halafu kipimajoto chenyewe nacho huwa kinadanganya. Paji la uso lenye jasho au lililooshwa sasa hivi linasoma chini. Mtu aliyetoka juani anasoma juu. Mfute, mkae kivulini kama dakika 15 mkiongea, ndipo upime kwa umbali ulioandikwa kwenye kifaa (vingi ni sentimita 3 hadi 5). Kifaa kisiachwe kwenye kiti cha pikipiki juani.

Sheria_Kwanza
Mnabembeleza mno. Atakayeficha apelekwe na mgambo, wawili watatu wakilala ndani wengine watasema wenyewe. Ugonjwa hauna siasa.

mtu_wa_Beni
Ndugu Sheria_Kwanza, hiyo njia ilishajaribiwa. Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo (DRC), kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipata watu 3,470 na kuua 2,287. Chanjo ilikuwepo, magari yalikuwepo, pesa zilikuwepo. Timu zikaingia mitaani na askari wenye silaha, watu wakakimbia. Wagonjwa wengi wapya hawakuwa kwenye orodha yoyote walipogunduliwa, na wengine walifia nyumbani. Aliyekimbia humpimi joto.

Kenya nayo mwaka 2020 waliovunja kafyu walipelekwa karantini kama adhabu, na waliowekwa karantini walilipia wenyewe hadi serikali ilipoondoa malipo hayo Mei. Sasa wewe ungemtaja ndugu yako ili akalipishwe?

Mratibu, anayekaa ndani siku 21 ana shamba, mbuzi na watoto wanaokula. Kabla ya kumpa masharti, muulize mambo matatu: chakula kipo cha siku ngapi, nani atachota maji, mifugo itachungwa na nani. Mpatieni unga, maharage, mafuta, sabuni na vocha ya simu siku ya KWANZA, si siku ya kumi. Angalizo moja: msitangaze mgao huo kwenye mkutano wa hadhara, la sivyo nusu ya kijiji itadai ilimgusa mgonjwa.

takwimu_tu
Mbona hakuna anayegusa uongo wa upande wetu? Fomu zilizojazwa chini ya mwembe zinajulikana: 36.5 kuanzia siku ya 1 hadi ya 21, saa zote 2:00 kamili, wino mmoja, mwandiko hautetereki. Chanzo si uvivu tu. Mmempa mtu mmoja kaya 25 kwenye vilima, nauli hana, posho inachelewa mwezi. Watu 10 kwa mfuatiliaji mmoja wanawezekana. Msimamizi apige simu kwa mtu mmoja katika kila kumi, aulize swali moja: "Leo mhudumu amekuja saa ngapi?"

Kuhusu kuuliza kama watu wanafuata masharti, msiamini majibu ya mdomoni. Vijijini magharibi mwa Kenya mwaka 2020, watafiti waliuliza kuhusu barakoa na 88% wakasema wanavaa wakiwa hadharani. Walipohesabu kwa macho walikuta 10%. Badilisheni swali: badala ya "huwa unakaa nyumbani?" semeni "wengi wanalazimika kutoka kwa sababu ya shughuli. Wewe tangu jana umetoka mara ngapi, hata karibu?" Mtu anayepewa mlango wa kukiri anakiri zaidi. Kwenye kunawa ndiyo kabisa msiulize. Angalieni kibuyu chirizi: maji yamo, sabuni imelowa, ardhi chini yake ina unyevu? Basi.

Mratibu_Kata
Nimenakili yote, asanteni sana. La mwisho: mtu yuko kwenye uangalizi, unampigia unaambiwa kashapanda basi kwenda msibani Mwanza. Hapo tunaanza upya?

mpita_kaya
Hamuanzi upya. Siku zinahesabiwa tangu alipokutana na mgonjwa mara ya mwisho, si tangu mlipomwandika. Kama ilikuwa tarehe 4, anamaliza tarehe 25 popote alipo. Labda iwe aliosha maiti ya mgonjwa huyo tarehe 9, hapo inasogea hadi 30.

Usimfokee kwenye simu, ataizima. Kama hana dalili yoyote, kwa saa hiyo hajamwambukiza mtu kwenye basi. Chukua vitu vinne kabla hajakata: hali yake sasa hivi, jina la basi, anafikia kwa nani, na namba ya mwenyeji wake. Mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya yako, yeye azungumze na mwenzake wa huko ili apokelewe leo jioni, mtu mmoja, asiye na sare, na gari lisiwe na king'ora. Fomu yake itumwe kwa picha ikiwa na namba ya siku aliyofikia. Asipopatikana hadi usiku, namba ya mwenyeji ndiyo itakayokuokoa.