Nimeitwa kambini kwa ajili ya Tour du Rwanda, nimezoea mbio za siku moja. Naombeni ushauri

Mnyonga Pedali

Wakuu, salaam.

Nina miaka 24, naendesha baiskeli huku Kanda ya Ziwa. Nilianza na Phoenix ya babu ya kubebea pumba, sasa nina baiskeli ya mbio ya mtumba. Kwenye mbio za siku moja watu wananijua: nachomoka mapema, nawaacha wategeane huko nyuma.

Sasa nimeitwa kambini kujiandaa na Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kuzunguka Rwanda, Februari. Siku nane mfululizo. Mwaka jana nilijaribu mbio za siku tatu mahali fulani. Siku ya kwanza nikawa wa nne, usiku sikulala kwa simu za pongezi. Siku ya pili, kilomita ya 70 hivi, miguu ikagoma. Si kuchoka, kugoma. Nilifika wakati wanafungua turubai, nikaambiwa muda umepita, kesho usipange mstari.

Safari hii kocha amenieleza wazi kwamba kazi yangu ni kumkinga kiongozi wa timu na upepo na kumbebea maji. Nyumbani nako mama ameshatangaza kanisani kwamba nitaonekana kwenye runinga. Je, nichomoke siku ya kwanza nionekane, halafu liwalo na liwe? Au nikubali kuwa mtumishi siku nane?

Na suala la kula nisaidieni. Asubuhi ya siku ile niliyogoma nilikula makande.

Fundi Spoku

Makande! Mkuu, miguu haikugoma, tumbo ndilo lilitangaza mgomo. Nakaa hapa nisubiri wakongwe.

Mzee wa Gia Ndogo

Kijana, nimeendesha mbio za hatua (za siku kadhaa, kila siku hatua moja) mara kadhaa enzi zangu, na sijawahi kushinda hata hatua moja, kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyefika mwisho tu.

Kosa lako halikuwa siku ya pili. Lilikuwa siku ya kwanza jioni. Ulipomaliza wa nne nadhani ulisimama kupokea pongezi na kaptula iliyolowa jasho, hukula, na usiku hukulala. Ukivuka mstari, nusu saa ya kwanza ni ya kula: wali, viazi, ndizi, chochote cha wanga chenye chumvi kidogo, na maziwa au mtindi. Halafu oga, inua miguu, lala.

Ukiwa barabarani usisubiri njaa. Njaa ikifika umeshachelewa saa nzima. Wanaojua wanakula gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, na tumbo lazima ulizoeze kambini, si siku ya mbio. Tende, ndizi mbivu, wali uliofinyangwa na sukari kidogo ukafungwa kwenye karatasi. Karanga na maharage acha mpaka urudi nyumbani.

Kuhusu muda: kila hatua ina kikomo, asilimia fulani juu ya muda wa mshindi. Mshindi akitumia saa nne na kikomo kikawa asilimia 15, una dakika 36. Siku ya milima, walioachwa hujikusanya kundi moja nyuma wakapeana zamu hadi mwisho. Tafuta kundi hilo mapema, usione aibu. Anayejifanya mwanaume peke yake kati ya makundi mawili ndiye anayefagiwa nje ya muda.

Na kamwe usishike gari. Kurudi kwenye kundi ukijikinga upepo nyuma ya msafara wa magari ya timu baada ya pancha wanavumilia. Kushika mlango, unafukuzwa.

Semi ya Rusumo

Mimi baiskeli siijui, naendesha semi Dar hadi Kigali, mara nyingine Rubavu. Hiyo nchi wanaiita ya milima elfu na hawatanii. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Ukitoka Nyabugogo kuelekea Musanze unaanza kupanda Shyorongi papo hapo, gari linalia gia ya chini. Ukielekea Rusizi kupitia msitu wa Nyungwe, baridi na ukungu hata kama chini kulikuwa na jua. Beba koti la mvua.

Halafu kule tunaendesha kulia! Siku za mazoezi kabla ya mbio, ukitoka hotelini na usingizi ukashika kushoto, hadithi imeisha.

Ila watu sasa! Barabara nzima, watoto kwa wazee, wanashangilia hata wa mwisho. Mwaka 2023 Froome alikuwepo, bingwa mara nne wa Tour de France, na bado kelele kubwa zilikuwa za vijana wao.

Dada Kapteni

Kama ni milima ya Kigali, kumbuka mashindano ya dunia ya Septemba 2025. Wanaume walipewa kilomita 267.5, wakapanda ule ukuta wa mawe wa Nyamirambo. Alishinda Pogačar, waliofika mwisho wakawa 30 tu. Watu wa timu kubwa kabisa walishuka kwenye baiskeli.

Swali lako la kuchomoka Mzee hakuligusa. Kuchomoka si dhambi, ni siku gani unachomoka. Siku ya kwanza kila mtu ana miguu na kila mtu yuko karibu kwenye jedwali la muda, hawatakuachia. Fanya kazi uliyopewa, na kiongozi wako akishafikishwa chini ya mlima, punguza mwendo. Poteza dakika 30, 40, ilimradi uko ndani ya kikomo. Siku ya tano au ya sita ukichomoka, mwenye jezi ya njano, yaani anayeongoza mbio nzima, anakuangalia unavyoondoka na hana shida na wewe. Hapo ndipo kamera inakaa na wewe saa tatu. Lakini kocha ajue kabla.

Na kwa vile wanaume hamsemi: chini ya kaptula ya mbio havaliwi kitu. Ifue kila jioni kwa sabuni, ikauke, paka krimu. Kidonda cha kitini kimewatoa wengi ambao mapafu yao yalikuwa mazima.

Mnyonga Pedali

Dada Kapteni, hilo la chini ya kaptula… tuliache hapo. Nimejifunza.

Nimezungumza na kocha jana jioni. Kuhusu siku ya sita hakukubali wala hakukataa, alisema tukifika siku ya sita nikiwa bado nina baiskeli nimkumbushe. Leo mazoezi yetu yalikuwa kurudi kwenye gari la timu, kujaza chupa saba mgongoni, kupanda nazo hadi mbele. Chupa mbili nilizidondosha.

Mama nimemwambia asitafute anayeongoza. Atafute yule mwenye nundu.

Fundi Spoku

Mwambie na kanisa.