Majani ya mpera: Staphylococcus inakufa, E. coli haiguswi. Niandike nini?

Kisima_cha_Agari: Wakuu, naomba msaada. Nimekausha majani ya mpera kivulini, nikayasaga, nusu ya unga nikailoweka kwenye methanoli na nusu kwenye maji baridi. Dondoo la methanoli limefungua duara safi la milimita 17 kwenye sahani ya Staphylococcus aureus. Kwenye E. coli, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kisima, yaani kitundu nilichotilia dondoo. La maji halikufanya kitu popote. Kikaratasi chenye gentamaisini, dawa ya antibiotiki, nilichoweka pembeni kimetoa milimita 22. Naweza kuandika kwamba mpera unakaribia gentamaisini?

BiMaabara: Hapana mdogo wangu, hilo usiandike. Duara linaonyesha pia jinsi kitu kinavyosafiri ndani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, si nguvu yake tu. Gentamaisini inapenda maji, inasambaa bila shida. Tanini za mpera, zile kemikali zenye ukakasi, ni kubwa na zinanata, nyingi zinakwama karibu na kisima. Halafu kikaratasi cha kawaida cha gentamaisini kina mikrogramu 10. Wewe kisimani uliweka kiasi gani? Kama ni miligramu, hizo milimita 17 na 22 hazilinganishwi kabisa.

E. coli kugoma ni jambo la kutarajiwa. Ni Gramu hasi: ina utando wa nje unaozuia kemikali nyingi za mimea, na zinazopenya hutolewa na pampu zake. Staphylococcus haina utando huo. Iandike hivyo hivyo, ni tokeo halali.

Ila kuna kitu sijakiona kwenye maelezo yako: kisima cha methanoli tupu kiko wapi? Methanoli yenyewe inaua. Ikaushe yote, yeyusha masalia kwenye kiyeyusho cha DMSO kidogo, na DMSO tupu nayo ipewe kisima chake.

Kisha pima MIC, yaani kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota. Punguza dondoo nusu kwa nusu kwenye vishimo, weka bakteria, siku ya pili tia rangi ya bluu ya resazurini. Palipo na uhai bluu inageuka waridi. Hapa uwe makini sana: fenoli za majani zinaweza kugeuza rangi hiyo zenyewe, na kijani cha klorofili kinakudanganya macho. Lazima kuwe na kishimo chenye dondoo bila bakteria. Watafiti wengi huanza kuvutiwa na dondoo ghafi likizuia kwa mikrogramu 100 kwa mililita au chini ya hapo.

Mama_Wawili: Samahanini, mimi si mtu wa maabara. Huwa nachemsha majani ya mpera mtoto akiharisha. Kwa hiyo maji yake ni bure?

BiMaabara: Si bure, dada. Yeye aliloweka kwa maji baridi, wewe unachemsha, na vinavyotoka kwenye jani ni tofauti. Tena kusaidia tumbo si lazima kuue bakteria: kwesetini, kemikali iliyomo kwenye mpera, imeonekana kwa wanyama ikipunguza kasi ya utumbo. Lakini kuhara kwa watoto mara nyingi ni virusi, na kinachoua ni kupungukiwa maji. ORS na zinki ndivyo vya kwanza. Ukiona damu kwenye choo, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, mpeleke hospitali mara moja.

Kisima_cha_Agari: Asante sana dada. Methanoli tupu sikuiweka. Dondoo la maji nilirudie kwa kuchemsha?

BiMaabara: Fanya yote mawili, la moto na la baridi, maana joto nalo huharibu. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata dondoo la mmea wa Artemisia annua lililoua vimelea vya malaria kwenye panya baada ya kuhamia kwenye kiyeyusho cha etha, kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Nobeli yake ya 2015 ilitokana na kazi hiyo. Na lile la maji likichujwa tu, lihifadhi kwenye friji. Likilala mezani linaota bakteria wake lenyewe na sahani zako zote zitavurugika.