UKOO WA BIBI TATU 🌴

Ijumaa

06:41 Dada Pili: Assalaam alaykum ukoo, Jumaa Mubarak. Nimepata gari la Bibi. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, siyo kuweka dole gumba halafu mnanifuata pembeni kuuliza.

06:42 Dada Pili: Nissan Leaf ya 2014, namba E, nyeupe, liko Sinza kwa mtu. La umeme mtupu, halina tangi. Anataka milioni 12, nitamshusha mpaka 11. Wenye kazi tuko 14, kila mtu laki 8, inabaki ya bima.

06:44 Dada Pili: Kila kliniki teksi Kibaha Muhimbili, bei mnaijua. Petroli karibu elfu tatu lita. Hili unachomeka ukutani usiku, asubuhi unaondoka.

06:44 Dada Pili: [picha]

06:44 Dada Pili: [picha]

08:20 Mwasiti: 👍

08:20 Dada Pili: Mwasiti.

08:31 Mwasiti: Nimesoma dada 😂

09:05 Salum: Likikata moto Mbezi Mwisho nani ana pawabenki

09:06 Kulwa: Tunafunga jenereta kwenye buti. Linakunywa petroli lakini 🤣

09:06 Salum: Na Jangwani ikijaa maji si tunakaangwa wote na Bibi ndani

09:15 Dada Pili: Chekeni. Idi uko wapi, wewe ndiye fundi umeme.

09:16 Dada Pili: Idi

10:40 Dada Pili: @Idi

13:52 Idi: Shikamoo dada, nilikuwa darini kwa mtu.

13:52 Dada Pili: Marahaba. Haya.

13:57 Idi: Maji kwanza. Betri yake imezibwa, halikaangi mtu. Ila Jangwani ikijaa hapiti wa umeme wala wa mafuta, hilo tuliache.

13:59 Idi: Sasa fungua picha yako ya pili. Kwenye dashibodi, kulia pembeni kabisa, kuna vijiti vidogo vimepangana. Likiwa jipya ni 12. Hapo viko vingapi?

14:03 Dada Pili: 9. Si chaji hiyo? Walikuwa hawajachaji.

14:06 Idi: Chaji ni vile vinene vya pembeni yake. Hivi vidogo ni uzima wa betri. Cha kwanza kinadondoka betri ikishapoteza kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni asilimia 6 na kitu. Vikibaki 9 betri iko kwenye 70 hivi. Lilipokuwa jipya lilibeba kWh 24, yaani unit 24 za umeme, sawa na kilomita 120, mwenye mguu mwepesi 130. Piga asilimia 70 ya 120.

14:07 Rehema: 84

14:09 Idi: Maili Moja mpaka Muhimbili na kurudi ni sabini na ushee. Foleni siyo shida, likisimama halili kitu cha maana, na ukikanyaga breki linajirudishia kidogo. AC ndiyo inakula. Linafika, ila linarudi Kibaha likilia.

14:10 Salum: Linalia Kijapani

14:11 Kulwa: La jirani yangu ukiwasha linaongea kwa sauti ya kike. Bibi ataitika "marahaba mwanangu" 😂😂

14:11 Mwasiti: 😂😂😂 atauliza mtoto wa nani huyu

14:15 Dada Pili: Idi, dalali kasema betri iko vizuri, vijiti vinarudi ukipeleka kwa fundi.

14:21 Idi: Hapo ndipo pa kuogopa. Vinarudi kweli, kuna mashine ya kufuta kumbukumbu ya betri. Unaona 12, unalipa, baada ya wiki kadhaa vinadondoka palepale. Dawa yake ni kidude unachochomeka chini ya usukani, simu inasoma kwa programu ya LeafSpy. Inakupa asilimia yenyewe.

14:23 Idi: Na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu. Leaf za kwanza zilizopelekwa Arizona, kwenye joto kali, zilianza kudondosha vijiti mapema, 2012 watu walilalamika sana. Sisi tunataka kulilaza kwa Bibi, uwanja hauna hata mwembe siku hizi.

14:24 Mwasiti: Mwembe aliyeukata anajulikana

14:24 Rehema: Mwasiti acha

14:40 Idi: La mwisho narudi kazini. Bibi yuko D1, ile bei nafuu ya TANESCO ya wanaotumia umeme kidogo. Akinunua umeme wa elfu moja anapata unit 8 na kitu, sisi wengine 2.8. Sharti asizidi unit 75 kwa mwezi. Safari moja ya kliniki ni kama unit 15. Ongeza friji lake, ongeza wajukuu watakaokuja "kumsalimia" wakiwa na waya mkononi. Akizidi analipa bei ya juu, akiendelea hivyo anaondolewa D1. Na nyumba ile nyaya ni mbili tu, hakuna waya wa kwenda ardhini. Chaja nyingi zinakagua hilo, zikilikosa zinagoma.

14:41 Salum: Kwa hiyo tunanunua gari kisha tunajenga nyumba

14:52 Mwasiti: Tukiwa kwenye LUKU ya Bibi. Ile 1,500 ya kodi ya jengo inakatwa kwenye mita yake kila mwezi. Pango la vyumba vya mbele analila nani?

14:53 Dada Pili: Mwasiti hatuko huko leo.

14:55 Mwasiti: Tuko hukohuko dada. Tulichanga Noah, tukaambiwa ni ya Bibi. Naomba mtu mmoja humu aniambie Noah iko wapi.

15:30 Ba'mdogo Athumani: Kama kuna mtu ana dukuduku na mimi ana namba yangu

15:31 Mwasiti: Shikamoo ba'mdogo. Sikutaja jina.

15:31 Kulwa: 👀

15:33 Ba'mdogo Athumani: Noah ilikufa injini, fundi mnamjua, risiti niliwaonyesha pale msibani

15:34 Salum: Ila hili halina injini, halitakufa 😅

15:34 Ba'mdogo Athumani: Ujumbe huu umefutwa

15:36 Dada Pili: Salum jamani!!

15:50 Dada Pili: [sauti, 2:14]

16:05 Rehema: Mimi siko upande wowote, nauliza tu. Kwa pesa hiyohiyo si tunapata IST?

16:06 Dada Pili: IST ndiyo hayohayo mafuta. Umeme wa safari hiyo Idi kasema unit 15, kwa bei yetu elfu tano na ushee. IST inakunywa lita tano, ni elfu kumi na tano.

20:12 Baba Mkubwa: NIMESOMA YOTE NIMEVAA MIWANI. IDI AHSANTE UMEELEZA. PILI UNAJITAHIDI MUNGU ANAKUONA. LAKINI MAMA YANGU HAJAOMBA GARI. NOAH ILINUNULIWA KWA JINA LAKE NA HAKUIPANDA HATA KWENDA KUMZIKA DADA YAKE. MKINUNUA NUNUENI. KADI IANDIKWE JINA LAKE FUNGUO ZILALE CHUMBANI KWAKE NA UMEME WA GARI USIINGIE KWENYE MITA YAKE. ATHUMANI JUMAPILI BAADA YA ADHUHURI UJE KWANGU NA HIZO RISITI

20:47 Rehema: Sawa baba

20:52 Kulwa: Sawa baba mkubwa, shikamoo

21:30 Salum: Sawa baba

22:16 Ba'mdogo Athumani: Nitafika kaka inshallah

Jumamosi

07:03 Dada Pili: Assalaam alaykum. Baba kashasema. Mimi na Idi kesho saa 4 asubuhi Sinza na kidude cha kusomea betri. Idi unacho?

08:45 Idi: Cha kuazima dada, namfuata jamaa Magomeni. Lakini kwa ushauri wangu hili la vijiti 9 liache. Uliza wenye ya kWh 30, zilianza mwishoni mwa 2015, sura ileile. Au ile ya 40 yenye sura mpya, hiyo Muhimbili inaenda na kurudi na chaji inabaki. Bei itapanda.

08:47 Dada Pili: Ipande mpaka wapi Idi? Hiyo laki 8 yenyewe mpaka sasa katuma Rehema, laki 3.

08:48 Kulwa: Mimi mwisho wa mwezi dada

08:48 Salum: Mwisho wa mwezi

08:50 Mwasiti: Natoa nikiona kadi yenye jina la Bibi.

08:51 Dada Pili: Kadi inatoka baada ya kulipa Mwasiti!

08:58 Mwasiti: Ndivyo tulivyoambiwa hata kwa ile nyingine.

09:20 Idi: Na mita? Baba kasema isiwe ya Bibi. Tuombe mita ya pili pale uwanjani, na mimi nitachimbia nondo ya ardhini. Nani ataandikwa kwenye mita?

11:05 Dada Pili: Nimeuliza Idi kauliza mita iandikwe nani. Watu wameona, naona alama za bluu hapa.

13:18 Rehema: Tuongee Jumapili baba akimaliza na ba'mdogo

13:20 Dada Pili: Haya. Na kliniki ya Jumanne hii nani anampeleka? Zamu ya Salum.

15:02 Salum: Jumanne nina usaili dada wallahi

15:03 Dada Pili: Kulwa?

17:44 Zuhura Kibaha: Bibi anasema msihangaike na Jumanne, atapanda basi mpaka Kimara achukue mwendokasi. Na anauliza gari la Kijapani linalalaje uwanjani bila kumuuliza yeye

17:45 Dada Pili: Nani kamwambia Bibi???