Paka wa mzee wangu figo zimeisha, daktari anasema adungwe alale, mzee hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Binti_wa_Bombo
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, na kama unaona paka si kitu we pita tu usinitukane, kichwa changu tayari kimejaa.

Niko Bombo, kaskazini mwa Kampala, nakaa na baba yangu, mzee alistaafu jeshini zamani. Ana paka dume anaitwa Sajini, ana kama miaka 14 hivi, na tangu mama afariki huyo paka ndo analala miguuni kwake, ndo anaongeleshwa Kinubi asubuhi, mimi salamu napata baadaye. Sasa Sajini alianza kunywa maji sana, yaani anakunywa mpaka kwenye beseni la kufulia, anakojoa sana, alafu akaanza kukonda na kutapika povu jeupe, mdomo unanuka vibaya kama mkojo. Nikamtia kwenye boksi tukapanda taksi hadi Kampala kwa daktari wa wanyama. Akapimwa damu, kreatinini (ile taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa) ikawa juu sana, wakamtia dripu wakabaki naye, wakapima tena ikawa 7.4 bado. Daktari akanieleza taratibu kabisa kwamba hii ni hatua ya nne, ya mwisho, figo hazirudi, na akiwa yeye angemdunga alale asiteseke.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mzee. Akasema hakuna mtu atamuua Sajini kwenye nyumba yake, ati paka anakoroma kila akimshika, mgonjwa gani anakoroma kwa furaha? Shida ni kwamba mzee macho yake hayaoni vizuri tena, ana presha ya macho, paka anamuona kama kivuli tu. Haoni alivyokonda. Haoni anakaa mbele ya sahani ya mukene, wale dagaa, ananusa alafu anageuza uso.

Dada yangu wa Kampala anasema nimpeleke paka kimya kimya adungwe, alafu tumwambie mzee kuwa ametoroka. Naona ni kama njia rahisi lakini roho inakataa. Nisaidieni.

NalongoJinja
Pole sana dada. Mimi wangu alikuwa jike, figo hizohizo, na nilimtunza nyumbani muda mrefu kuliko daktari alivyodhani, lakini yeye alikuwa hatua ya tatu, hiyo ni tofauti kubwa sitaki nikupe matumaini ya bure. Waliponipa chupa za Ringer, yale maji ya dripu, na sindano za kwenda nazo nyumbani nilitetemeka, manake unachoma chini ya ngozi, pale katikati ya mabega. Unaivuta ngozi juu inakuwa kama hema, unaingiza sindano, unafungua maji yaingie kiasi alichoandika daktari, wangu ilikuwa mililita 100. Chupa uiweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, maji ya baridi yanamfanya paka aruke. Ukimaliza utaona nundu, saa nyingine inateremka mpaka mguuni, usiogope inanyonywa polepole. Sindano mpya kila mara. Na angalia sana duka la dawa wasikupe ya sukari, ile deksitrosi si ya kutia chini ya ngozi.

Hayo maji hayaponyi ila yanamtoa kichefuchefu kidogo, anapata nguvu ya kuaga vizuri.

Kamanda_Lugogo
Samahani lakini nitasema. Watu nchi hii wanauza shamba kupata pesa ya dialisisi na nyinyi mnatia paka dripu. Huyo paka mwacheni aende kichakani afe kama wanyama wote wanavyokufa.

FundiWaMbale
@Kamanda_Lugogo ameomba upite na hukupita. Na hizo hela za dripu angekupa wewe ungempelekea mgonjwa gani?

Dada endelea, usimjibu.

DktMifugo_Kati
Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe na nguruwe lakini paka nawaona. Siwezi kumtibu mgonjwa nisiyemshika, ila nikuulize na nikuambie machache.

Kwanza, ni dume: anakojoa kweli au anachuchumaa anajikamua hakuna kinachotoka? Dume akiziba njia ya mkojo vipimo vya figo vinapanda juu vilevile, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo ambayo mara nyingi inatibika. Umesema anakojoa sana kwa hiyo sidhani ni hiyo, lakini hakikisha. Na kwa kuwa walimtia maji kwanza wakapima tena na bado ni 7.4, aliyekuhudumia alifanya vizuri, manake paka aliyekaukiwa na maji vipimo vinadanganya. Kreatinini ikipita 5.0 ndo tunaita hatua ya nne. Hajakosea.

Pili, mwambie mzee kwamba kukoroma si furaha peke yake. Paka anakoroma akifurahi, na anakoroma pia akiwa na maumivu au hofu, nimewahi kushika paka aliyevunjika nyonga anakoroma mezani. Kwa hiyo acheni kusikiliza koo, angalieni mengine. Anakula mwenyewe? Anajilamba au manyoya yamesimama yamegandamana? Bado anakwenda kukojolea kwenye mchanga wake au anakojoa palepale alipolala? Anakuja mkiingia au anajificha chini ya kitanda? Fungua mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe damu imepungua, kukiwa na vidonda basi kumeza kunamuuma na ndo maana ananusa mukene anaiacha, si kiburi. Shingo ikianza kuinama haiwezi kubeba kichwa, hiyo mara nyingi ni potasiamu imeshuka. Na akigonga viti ghafla kama kipofu, presha ya damu imepanda imeharibu macho.

Tatu, na hili naomba wote mlisome: MSIMPE PANADOL. Najua kuna jirani atasema nusu tu. Nusu kidonge inaua paka mzima mwenye afya, ini la paka haliwezi kuisafisha ile dawa, fizi zinageuka rangi ya kahawia na uso unavimba. Diklofenaki na zile za kutuliza maumivu za binadamu pia hapana, zinamalizia hizo figo.

Muombe daktari wako sindano ya kuzuia kichefuchefu, hata kama mmeamua kumlaza wiki ijayo. Hakuna sababu atapike hadi siku hiyo.

Binti_wa_Bombo
Asante daktari, Mungu akubariki. Anakojoa, tena sana. Fizi nimeangalia saa hii ni nyeupe karibu kama karatasi na pembeni ya ulimi kuna kidonda. Jirani alisema Panadol kweli, na mzee alikuwa ameshamtuma mtoto dukani, nimemnyang'anya. Mzee pia anampa maziwa ya moto kila jioni, hiyo niiache?

DktMifugo_Kati
Maziwa kwa kawaida ningekataa, yanaharisha na yana fosforasi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Mukene vilevile, kwa sababu ya ile mifupa. Lakini kwa hatua aliyofika, kama maziwa ndo kitu pekee kinachoingia mwacheni anywe. Sangara wa kuchemsha bila chumvi umponde mjaribu kwa kidole. Msimlazimishe kwa bomba la sindano mdomoni, ana vidonda.

dada_mkubwa_kla
Mimi naona dada yako wa Kampala yuko sahihi tu. Mzee ni mzee. Nyanya yangu tulimficha mambo mengi akafa na amani yake. Paka wanatoroka kila siku nani atauliza?

FundiWaMbale
Mzee atauliza! Atatoka nje usiku na fimbo na hayo macho anaita Sajini Sajini mpaka aanguke mtaroni. Paka aliyekufa unamlilia unamzika, wa kutoroka unamsubiri. Usimfanyie hivyo.

Ustadh_Kisenyi
Assalamu alaikum. Mzee anaongea Kinubi, kwa hiyo naona ni Muislamu na pengine kinachomzuia ni dini, anaogopa dhambi, kwa hiyo niseme kidogo. Sote tunajua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, kwa hiyo mzee ana haki kumheshimu huyo mnyama. Lakini pia tumeamrishwa wema katika kila kitu, hata kwenye kuchinja, kisu kiwe kikali mnyama asiteseke. Kuhusu mnyama mgonjwa asiye na tumaini, masheikh wanatofautiana, wapo wanaoruhusu kumpumzisha kwa njia isiyo na maumivu, na wapo wanaosema mpe maji na chakula na umuachie Mola wake. Usimpelekee mzee maneno ya mtandaoni. Mpelekee imamu wa msikiti wenu aongee naye, wazee wanasikiliza wazee.

Shangazi_wa_Arua
Mwanangu nimesoma yote. Mnaongea juu ya huyu mzee kana kwamba hayupo. Ni mtu mzima, amekuwa jeshini, ameona watu wakifa, unadhani hataweza kubeba kifo cha paka? Hataki kuamini kwa sababu hajaona, na hajaona kwa sababu macho hayaoni. Wewe umemletea namba za daktari, kreatinini sijui nini, mzee atafanya nini na namba?

Mkono wake unaona. Siku zote anamshika kichwa si ndiyo? Kichwa cha paka hakikondi sana. Mkalie karibu, umuwekee Sajini mapajani, uchukue mkono wa baba yako uupitishe mgongoni taratibu mpaka mkiani, alafu mbavuni. Usiseme kitu. Ngoja yeye ndo aongee.

Na akisema bado hataki, basi ni paka wake, utamtunza mpaka mwisho kwa hizo sindano za kichefuchefu na maji. Hiyo pia ni njia. Ila kwa kumdanganya mimi sikubali.

NalongoJinja
Shangazi umenitoa machozi hapa kazini banange.

Kamanda_Lugogo
Sawa, Shangazi kaongea. Pole dada, jana nilikuwa na hasira zangu.

Binti_wa_Bombo
Narudi na majibu. Nilifanya kama Shangazi alivyosema, baada ya magharibi. Mzee alipopita mkono mgongoni akarudi tena, akahesabu ule uti kwa kidole kama anahesabu tasbihi. Akaniuliza huyu anakula nini? Nikasema maziwa kidogo tu baba. Akaniuliza anatapika mara ngapi, nikamwambia. Akanyamaza muda. Alafu akakasirika, si kwa Sajini, kwangu, ati mbona hukuniambia kuwa amebaki mifupa? Nikasema baba nilikuambia. Akasema uliniambia ana ugonjwa, hukuniambia yuko hivi.

Leo asubuhi aliita imamu mwenyewe, wameongea barazani sikukaribia. Imamu alipoondoka mzee akaniambia anakubali ila kwa masharti. Hataki Sajini apelekwe Kampala kwenye boksi, anaogopa taksi, afanyiwe hapahapa nyumbani. Yeye mwenyewe atamshika. Na anataka kujua kila hatua itakavyokuwa, asiambiwe tu "atalala". Daktari tafadhali nielezee nimsomee, na kama unajua mtu anayeweza kufika Bombo. Dada wa Kampala amekubali kulipa mafuta na dawa, ametuma tayari kwa simu.

DktMifugo_Kati
Msomee hivi, mzee.

Kwanza atadungwa sindano ya usingizi kwenye msuli au chini ya ngozi, hii anaweza kuisikia, atalalamika kidogo. Baada ya dakika chache atalegea, atalala mikononi mwako, hapo hajui tena kinachoendelea. Wakati mwingine paka anatapika kabla ya kulala, weka taulo. Kisha daktari atanyoa manyoya kidogo mguuni atafute mshipa na kuweka dawa ya pili, ni dawa ya nusukaputi ila kipimo kikubwa, inasimamisha pumzi na moyo. Paka wa figo mishipa inakuwa imenywea, ikikosekana daktari atachoma tumboni, inachukua muda mrefu kidogo lakini kwa kuwa ameshalala haumii. Macho hayafungi, yanabaki wazi, usiyalazimishe. Anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au mguu ukaruka baada ya moyo kusimama, na mkojo utatoka. Huko si kuamka. Daktari atasikiliza moyo kwa kifaa chake mpaka ahakikishe, muulize akuambie wazi.

Mtu wa kuja: ulizeni kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere, koleji ya mifugo, kutoka kwenu ni barabara moja tu unashuka Wandegeya. Kama hawatoki wao watakuelekeza kwa anayetoka. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na ana hizo dawa mbili, yule wa kuuza dawa za kuku mtaani asimguse Sajini. Muulize bei yote kabla hajapanda gari, pamoja na usafiri.

Ustadh_Kisenyi
Mungu amfanyie wepesi mzee.

FundiWaMbale
Mtamzika wapi? Kwetu mbwa wa mtaani wanafukua kila kitu.

Binti_wa_Bombo
Mzee ameshachagua, nyuma ya jiko karibu na mwembe. Vijana wanakuja kuchimba kesho.

DktMifugo_Kati
Waambie wachimbe kina cha mita moja angalau, na juu wapange mawe au matofali kabla ya udongo wa mwisho. Ile dawa inabaki mwilini, mbwa akifukua akala naye anaweza kufa. Usimfunge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, shuka ya pamba inatosha.